Bango la Zamani: Namna ya Kulitafuta, Kulisoma na Kulitunza

Bango huchapwa lifanye kazi ya wiki chache, kisha liondoke. Hubandikwa ukutani kwa gundi ya unga, likapigwa jua na kunyeshewa mvua, na kabla halijachanika lote mtu mwingine hubandika la kwake juu yake. Aliyelitengeneza hakukusudia lifike kwa wajukuu. Kwa hiyo kila unapoliona bango zima la miaka hamsini au themanini iliyopita, jua kuna mtu alilichukua akaliweka mahali, mara nyingi bila kuagizwa na yeyote.

Hesabu za Marekani zinaonyesha ukubwa wa hasara. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwapa watu kazi, WPA. Ndani yake wachoraji waliokosa ajira walilipwa kutengeneza mabango ya afya, maonyesho ya tamthilia, bustani za wanyama, usalama kazini na utalii. Hadi shughuli hiyo ilipofungwa mwaka 1943, ilikuwa imetoa michoro ipatayo 35,000 na nakala kama milioni mbili. Mabango yanayojulikana kuwa bado yapo ni kama 2,000 tu. Kati ya hayo, 907 yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na hakuna mkusanyo wa mabango ya WPA ulio mkubwa kuliko huo.

Mengine yaliokolewa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Doug Leen, askari wa msimu katika hifadhi ya taifa ya Grand Teton, alikuta bango la zamani la hifadhi hiyo katika vitu vya ghala vilivyokuwa vikingoja kutupwa. Akalichukua. Baadaye ilibainika kuwa lilikuwa moja katika mfululizo wa mabango 14 ya hifadhi za taifa, yaliyochapwa kati ya 1938 na 1941, na kwamba karibu kila mtu alikuwa ameyasahau. Leen alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwatafuta ndugu wa lile bango moja, na kwa baadhi yao kilichokuwa kimebaki ni negativu za picha nyeusi na nyeupe tu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kuyatumia mabango ya namna hiyo katika somo, utafiti, makala au filamu. Ni kwa ajili yako pia uliye na bango la kale kabatini na hujui ulifanyie nini.

Anza na simu yako

Huhitaji viza ili kuona mkusanyo wa Washington. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka sehemu kubwa ya mabango yake kwenye tovuti yake, loc.gov, chini ya idara ya picha. Mbali na yale ya WPA, kuna mabango kama 1,900 ya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuna mkusanyo wa Gary Yanker, mtu binafsi aliyekusanya maelfu ya mabango ya siasa na maandamano ya kuanzia miaka ya 1960. Kila bango lina ukurasa wake wenye kichwa, jina la msanii kama linajulikana, mahali, mwaka, vipimo, njia ya uchapaji na namba ya kumbukumbu.

Namba hiyo usiipuuze. Mabango ya WPA huanza na herufi POS, kisha WPA, kisha kifupi cha jimbo lililoyatoa, kama NY kwa New York au ILL kwa Illinois. Ukishajua hivyo unaweza kukusanya mabango ya jimbo moja na kuona karakana ya huko ilipenda rangi gani na mada gani. Nakili namba nzima, pamoja na nukta zake, kabla hujafunga ukurasa. Watu wengi huhifadhi picha peke yake, na miezi sita baadaye hawawezi kueleza ilitoka wapi, na picha isiyo na chanzo haina kazi katika kitabu wala mahakamani.

Picha hupatikana kwa ukubwa mbalimbali. Faili la JPEG linatosha kutazama na halili bando. Faili la TIFF ni zito, lakini ndilo litakalokuonyesha herufi ndogo za ukingoni na tundu la pini kwenye kona, kwa hiyo lishushe ukiwa umeshaamua kwamba bango hili ndilo unalolitaka. Kabla ya kulichapa kwenye jalada la kitabu au fulana, soma mstari unaoeleza haki. Mabango mengi ya WPA, kwa kuwa yalitengenezwa kwa kazi ya serikali, yameandikwa kwamba hakuna kizuizi kinachojulikana. Yaliyotengenezwa na vyama, makampuni au wasanii binafsi yanaweza kuwa na mwenyewe hadi leo.

Ukitafuta mabango yanayotuhusu, kumbuka kwamba katalogi nyingi zimeandikwa na watu wasiotumia lugha yetu kila siku. Andika "Swahili" badala ya "Kiswahili". Jaribu "Tanganyika" baada ya kujaribu "Tanzania", na "Zanzibar" baada ya "Unguja". Maneno ya kauli mbiu yanaweza kuwa yamekosewa tahajia, hivyo tafuta neno moja fupi kuliko sentensi nzima. Maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyoanzishwa mwaka 1954 huko Evanston karibu na Chicago, ni ya masomo ya Afrika tupu na ina mabango ya bara hili. Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii mjini Amsterdam, iliyoanza 1935, ina hazina kubwa ya mabango ya vyama vya wafanyakazi na mapinduzi, yakiwemo ya Uchina. Na Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe ina ofisi Nairobi tangu 1966, ambayo hukusanya machapisho ya ukanda wetu na kuyapeleka Washington.

Nyumbani kwetu hali ni tofauti. Kwenye mkusanyo wa East Africana wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, au kwenye Makavazi ya Taifa ya Kenya katika barabara ya Moi, Nairobi, usitegemee kuona kila kitu mtandaoni. Usiulize tu "mabango yako wapi?" Bango la serikali mara nyingi hukunjwa na kuwekwa ndani ya jalada la wizara iliyoliagiza, pamoja na barua za kulalamikia bei ya uchapaji. Omba majalada ya habari, afya, kilimo na uchaguzi ya miaka unayoitaka, uyafungue ukurasa kwa ukurasa. Bango utakalolipata humo lina thamani maradufu, kwa sababu limekaa na mazungumzo ya waliolitengeneza.

Soma ukingo kabla ya picha

Macho yatakwenda kwenye picha, kwa kuwa ndiyo kazi ya bango. Yarudishe chini, kwenye ukingo. Hapo ndipo penye jina la mchapaji, mji, pengine mwaka, pengine idadi ya nakala. Andika kila herufi kama ilivyo, hata zile namba usizozielewa. Namba ya oda ya kiwandani inaweza kukuunganisha na bango jingine lililochapwa wiki ileile.

Ukingo ukiwa mtupu, hiyo nayo ni habari. Kundi la Medu Art Ensemble lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 mjini Gaborone na wasanii wa Afrika Kusini waliokimbilia Botswana. Walichapa mabango ya kupinga ubaguzi wa rangi, yakavushwa mpaka kwa siri. Kukutwa na bango la aina hiyo Afrika Kusini kulitosha kumfikisha mtu kizuizini, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuandika jina lake. Tarehe 14 Juni 1985 wanajeshi wa Afrika Kusini walivuka mpaka usiku, wakaishambulia Gaborone na kuua watu 12, mmoja wao Thami Mnyele, mchoraji hodari wa Medu. Leo mabango ya harakati hizo yanahifadhiwa, yanaonyeshwa na kuchapwa vitabuni, na Art Institute of Chicago ilifanya maonyesho ya mabango ya Medu peke yake mwaka 2019. Unapokaa mbele ya bango kama hilo, usiandike "msanii hajulikani" ukapita. Jiulize ni nani angekuwa hatarini kama jina lake lingejulikana.

Baada ya ukingo, tazama mwili wa karatasi. Mistari ya mikunjo inasema mengi. Mabango ya OSPAAAL, shirika la mshikamano lililoanzishwa Havana mwaka 1966, mengi yana mikunjo inayopita katikati ya nyuso za watu kama Amílcar Cabral na Patrice Lumumba. Mtu anaweza kudhani mwenye nayo hakuyajali. Ukweli ni kwamba yalikunjwa na kutiwa ndani ya gazeti la Tricontinental, yakasafiri kwa posta hadi nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mikunjo ndiyo njia iliyoyafikisha. Na maandishi yake ya Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu yanaonyesha ni nani walitarajiwa kuyasoma. Utaona Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo, ingawa Dar es Salaam ndipo yalipokuwa makao ya kamati ya ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU).

Matundu ya pini kwenye kona, alama za gundi mgongoni, duara la kutu la msumari: hayo ni ushahidi kwamba bango lilitundikwa. Bango safi kabisa, lisilo na tundu, lastahili mashaka kidogo, maana kuchapwa na kuonekana si jambo moja. Mfano unaonifanya nilisisitize hili ni wa Uingereza. Mwaka 1939, vita vilipokuwa vinaanza, serikali ilichapa nakala karibu milioni mbili na nusu za bango lenye maneno "Keep Calm and Carry On" chini ya taji la mfalme. Lilikusudiwa kutumika nchi itakaposhambuliwa vikali. Halikutolewa rasmi, na mwaka 1940 karibu nakala zote zilisagwa zikawa karatasi mpya. Mwaka 2000 nakala moja ikapatikana ndani ya sanduku la vitabu vya mnada katika duka la Barter Books, mji wa Alnwick. Tangu hapo limechapwa kwenye vikombe na fulana dunia nzima, na vijana wanaamini liliwatia moyo Waingereza wakati wa mabomu. Halikuwatia moyo, kwa kuwa karibu hakuna aliyeliona. Ukiandika historia kwa kutumia bango, tafuta kwanza uthibitisho kwamba lilifika ukutani.

Vivyo hivyo chunguza kama picha ilizaliwa na bango au ililitangulia. Mjomba Sam, mfano wa taifa la Marekani, anayekunyooshea kidole, kazi ya James Montgomery Flagg, alichapwa nakala zaidi ya milioni nne mwaka 1917 na 1918. Lakini mchoro huo ulikuwa umeshatoka kwenye jalada la gazeti la Leslie's Julai 1916, kabla Marekani haijaingia vitani. Nao uliiga kidole cha Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, ambacho Alfred Leete alikichora kwa ajili ya jalada la London Opinion la Septemba 1914. Kidole kimoja, miaka mitatu, majukwaa matatu.

Njia ya uchapaji inaonekana kwa jicho. Vuta picha karibu kwenye simu. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, bango limechapwa kwa mashine ya ofseti. Ukiona rangi nzito, tambarare, zenye kingo kali na pengine kutokutana vizuri, hiyo ni skrini, mbinu ileile inayotumiwa leo na vijana wanaochapa fulana za kampeni. WPA ilianza kwa mabango ya kuchorwa kwa mkono, moja moja. Anthony Velonis, mchoraji wa New York, ndiye aliyeishawishi karakana ya huko kutumia skrini, na kazi ikageuka kuwa ya mamia ya nakala kwa siku. Kila rangi ilihitaji skrini yake, kwa hiyo wasanii walijifunza kusema jambo kwa rangi tatu au nne na maumbo makubwa. Ule mtindo unaosifiwa leo ulitokana na kubana matumizi.

Kwa mabango yetu, maneno yenyewe yatakusaidia kukisia mwaka. Bango lenye "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" ni la kati ya Aprili na Oktoba 1964, kwa kuwa baada ya hapo jina likawa Tanzania. TANU na ASP hazikuwepo tena baada ya tarehe 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa. Ukikuta mgombea ubunge amepewa picha ya jembe au ya nyumba, upo katika chaguzi za chama kimoja za Tanzania, zilizoanza 1965 na kwisha 1990. Alama hizo ziligawiwa ili asiyejua kusoma aweze kuchagua, na wagombea waliligombania jembe kwa sababu mkulima alilipenda. "Siasa ni Kilimo" haiwezi kutangulia Azimio la Iringa la 1972. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. "Mtu ni Afya" ni ya 1973, na "Chakula ni Uhai" ikafuata 1975. Kwa Kenya, "Nyayo", kauli mbiu ya Rais Moi, inakupeleka baada ya 1978. Kwa Kongo, neno Zaire linakuweka kati ya 1971 na 1997. Alama hizi hukupa mipaka, hazikupi tarehe kamili, kwa sababu mchapaji mvivu anaweza kutumia pleti ya zamani. Andika "si kabla ya 1972" kuliko kubuni mwaka.

Kisha liulize bango linamtuma nani afanye nini. Mabango ya afya ya WPA yaliwahimiza watu wapime kifua kikuu na kaswende, wawapeleke watoto kliniki. Yanatuonyesha alichotaka daktari wa jiji. Kama mama wa mtaa wa maskini alikwenda, bango halijui. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na mimi nalishikilia jambo hili kuliko yote: bango ni ushahidi wa kilichotakiwa, wala si ushahidi wa kilichotendeka. Kampeni ya Mtu ni Afya tunajua ilifika kwa watu, kwa kuwa kumbukumbu nyingine zinaonyesha watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujadili, na vyoo vikachimbwa vijijini. Ujuzi huo umetoka kwenye ripoti, magazeti na vinywa vya waliokuwepo. Kwa hiyo usiliache bango peke yake. Litafutie gazeti la wiki ileile, ripoti ya wizara, na mzee au bibi aliyelipita kila asubuhi akienda kisimani.

Ukifika kwenye chumba cha kusomea

Andika barua pepe mapema, taja namba za kumbukumbu, uliza kuhusu kibali na ada za kupiga picha. Nenda na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka. Nawa mikono, uikaushe vizuri, usipake mafuta. Kwa karatasi, hifadhi nyingi hupendelea mikono safi mitupu kuliko glovu za kitambaa, kwa sababu glovu hupunguza hisia za vidole na huweza kunasa kwenye ukingo uliochanika. Bango kubwa hugeuzwa na watu wawili, kila mmoja akishika kona zinazokabiliana, juu ya ubao au karatasi ngumu. Wewe usilinyanyue kona moja kutazama mgongo, mwombe mhudumu. Ukiambiwa bango ni dhaifu na utapewa nakala ya kidijitali, kubali, lakini omba uambiwe mgongoni pana nini.

Lililo nyumbani kwako

Hatari ya kwanza ni nuru. Angalia picha za mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi yeyote anayefanya kazi barazani: nyuso zimekuwa za samawati. Wino mwekundu na wa njano umeungua, bluu imebaki. Madhara ya nuru hujilimbikiza na hayarudi nyuma, hata ukilihamisha bango gizani baadaye. Hifadhi kubwa huonyesha karatasi kwa mwanga wa kiasi cha lux 50 tu, tena kwa miezi michache, kisha hurudisha stoo. Kama unataka kulitazama kila siku, lipige picha, uchape nakala, utundike nakala hiyo sebuleni. La asili lilale gizani.

Hatari ya pili ni upendo usio na maarifa. Mtu anaona bango limechanika, anakimbilia selotepu. Gundi ya selotepu huingia kwenye karatasi, hugeuka kahawia, na baada ya miaka plastiki hudondoka ikiacha doa ambalo hata mtaalamu hulitoa kwa shida. Acha mpasuko ulivyo, weka vipande pamoja ndani ya bahasha. Kibaya zaidi ni kulamineti. Nawaomba walimu na makatibu wa vyama wanisikilize hapa: joto la mashine na gundi ya plastiki huishika karatasi moja kwa moja, na hakuna njia salama ya kuitoa. Bango lililolaminetiwa linang'aa siku ile, lakini ndani yake karatasi inaendelea kuoza kwa asidi yake yenyewe. Karatasi ya bei nafuu ya karne ya ishirini ilitokana na mbao zilizosagwa, na mbao hizo zina kemikali zinazoigeuza kuwa ya njano na kuifanya ivunjike. Stepla, klipu za chuma na mpira wa kufungia pesa viondolewe pia, taratibu, kwa sababu hushika kutu au huyeyuka.

Hatari ya tatu ni hewa yetu. Vitabu vya uhifadhi hupendekeza unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja atacheka, maana kwake unyevu hupita asilimia 70 kwa miezi mingi, na hapo ukungu huota. Huna kiyoyozi, basi fanya linalowezekana. Chagua chumba cha ndani kisichopakana na bafu wala jiko. Usiweke bango kwenye dari, ambako joto hupanda mchana na kushuka usiku. Liinue kutoka sakafuni angalau kiasi cha shibiri, na usiliegemeze ukutani, kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua. Fungua kabati mara moja kwa mwezi, hasa masika, utazame. Ukikuta ukungu, vaa barakoa, litoe bango kivulini penye upepo likauke, na usilifute kwa kitambaa kibichi. Usipulize dawa ya wadudu juu ya karatasi, wala usitie vidonge vya nondo ndani ya bahasha.

Bango likae tambarare ikiwezekana. Lifunge katikati ya karatasi mbili safi nyeupe zisizo na asidi. Ukizikosa, tumia kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa hadi wanga wote utoke, bila sabuni yenye manukato. Yasizidi mabango kumi katika furushi moja, uzito usiyabonyeze. Kama ni kubwa mno kwa kabati, lizungushe nje ya bomba la karatasi gumu lililofunikwa kwa kitambaa hicho, upande wa picha ukitazama nje, kisha lifunike tena. Usilisokote likawa jembamba kama fimbo ya mwavuli, na usilitie ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji. Bango ambalo limekaa limeviringwa kwa miaka na limekakamaa, usilifungue kwa nguvu. Litapasuka kila mahali kwa mara moja. Lipeleke kwa mhifadhi nyaraka.

Kisha lipige picha, hata kama una simu ya kawaida. Lilaze sakafuni barazani penye kivuli cha mchana, simu iwe juu yake sawasawa, usitumie flashi, weka rula pembeni. Piga bango zima, kila kona, ukingo wa chini kwa karibu, na mgongo. Pima urefu na upana kwa sentimita. Andika kwenye daftari: nani alilitoa, lilikuwa limetundikwa wapi, mwaka gani, nani wanaonekana pichani. Habari hizo usiziandike juu ya bango. Ukilazimika, tumia penseli laini, mgongoni, kwenye kona, bango likiwa juu ya meza ngumu.

Ukitaka kulikabidhi kwa hifadhi ya nyaraka, waulize wahusika maswali manne kabla ya kusaini: litawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuliona, je, litapigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na jina la aliyelitunza litaandikwa? Wewe baki na picha zako na nakala ya barua ya kupokea. Taasisi nzuri haitaona vibaya kuulizwa.

Mabango yatakayotafutwa mwaka 2070 yanachapwa sasa hivi: ya uchaguzi, ya chanjo, ya mechi za watani, ya mihadhara na mikutano ya injili, ya taarab kwenye ukumbi wa mtaa. Usingoje kuyabandua ukutani, kwa maana yatakuja vipande. Pita kwa mchapaji kabla hayajapakwa gundi, mwombe nakala moja safi, andika tarehe na jina lake kwenye bahasha, uilaze kabatini. Mchapaji hatakunyima, kwake ni karatasi moja kati ya elfu.